Wanafunzi wa Mara wasiitwe shuleni gizani



Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe maoni yangu kuhusu saa ya kufika shuleni kwa wanafunzi wakubwa, hasa wa huku kwetu Tarime na Serengeti.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Shule nyingi nilizopata kuziona humtaka mwanafunzi afike kabla ya saa 1 asubuhi, awahi namba, afagie uwanja, ndipo aingie mstarini. Wa darasa la saba na wa sekondari za kata huitwa mapema zaidi kwa masomo ya ziada. Anayechelewa huchapwa. Nami nilikuwa mchapaji hodari, sikatai.

Mwaka jana kijana wangu mmoja wa darasa la saba alikuwa akisinzia kila kipindi cha kwanza. Nilimsimamisha, akasinzia amesimama. Siku moja nikamsindikiza kwao kwa miguu: dakika 70. Jioni anarudisha ng'ombe zizini, anachota maji, na chakula huiva saa 3 usiku. Analala saa 4, anaamka saa 10.30. Hizo ni saa sita na nusu tu. Fimbo sikuishika tena.

Wataalamu wanasema kijana wa umri huo anahitaji saa nane hadi kumi, na kwamba akishabalehe mwili wake wenyewe huchelewa kupata usingizi. Si uvivu. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri shule za vijana zisianze kabla ya saa 2.30 asubuhi. Mji wa Seattle uliposogeza saa mwaka 2016, wanafunzi walipimwa wakaonekana wanalala dakika 34 zaidi. Hawakuitumia nafasi hiyo kukesha. Hata jirani zetu wa Kenya, kanuni zao za elimu za mwaka 2015 zimeandika masomo ya shule za kutwa yaanze saa 2.

Tena sisi tuna jambo la jua. Saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, lakini tuko magharibi zaidi, hivyo kwa wastani jua hutufikia kama dakika 20 baadaye. Mwezi Februari huchomoza Tarime kama saa 12.50. Mtoto anayekaa mbali hutembea gizani sehemu kubwa ya njia. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti vina tembo na fisi, na mzazi wa binti wa miaka 14 ana hofu nyingine zaidi ya fisi.

Wazee watasema wao waliamka jogoo la kwanza. Ni kweli, na wengi wao waliishia darasa la saba.

Jambo gumu ni mchana. Shule isiyo na chakula ikichelewesha kutoka, inaongeza njaa. Kwa hiyo sisemi vipindi visogezwe. Vianze saa 2, ila wanafunzi wafike saa 1.30, usafi ufanywe baada ya vipindi, na masomo ya ziada ya alfajiri yakome.

Nawaomba Maofisa Elimu wa wilaya hizi mbili wajaribu muhula mmoja tu, wahesabu waliohudhuria kipindi cha kwanza kabla na baada. Fedha haitakiwi hata senti.

Mwalimu wa Kijijini,
Serengeti, Mara.