Pori bila wenye kujua majina yake

Mbele ya mataifa, inchi yetu inapenda kujiita « inchi-suluhisho ». Si uongo: karibu asilimia 60 ya pori la bonde la Congo iko kwetu. Lakini mutu akiuliza: mu hili pori muko miti gani? nani atajibu? Setilaiti inaona majani kutoka juu, lakini kazi ya kutaja muti kwa jina, huu afrormosia, ule limbali, ingali ya botanisti, pamoja na muzee wa kijiji anayemuongoza.

Tuangalie Yangambi, mu jimbo la Tshopo, kando ya muto Congo, karibu kilometa 100 kutoka Kisangani. Kule, kazi iliyoanza mu miaka ya 1930 iliacha erbariumu yenye mimea mikavu karibu 150 000, kubwa kupita zote za Afrika ya Kati. Kazi yenyewe inaomba uvumilivu: mutu anakata tawi lenye maua ao matunda, analikaza mu magazeti ya zamani kama hili unalosoma, analikausha, analibandika ku karatasi ngumu. Pembeni anaandika pahali, tarehe, jina lake, na jina ambalo wenyeji wanaita ule muti.

Wengine watasema: watu wako na njaa, barabara ni mbovu, vita haijaisha ku mashariki. Majani makavu ni ya nini?

Jibu ni hili. Mbegu za kahawa robusta zilitoka kwetu, zikapita Bruxelles, zikafika Java karibu mwaka 1900. Leo dunia inaikunywa, na wengine ndio wanauza nyingi kupita sisi. Afrormosia iko chini ya sheria ya CITES tangu 1992; ile prunus ya milima ya Kivu, yenye maganda yake yanafanya dawa ya prostati kule Ulaya, tangu 1995. Kibali cha kuuza inje kinaomba jina la kweli la muti. Mubao ikipita mupaka na jina la uongo, serkali inakosa kodi, na watoto wetu wanakosa muti. Hata ile kaboni tunayotaka kuuza: miti mbili za unene moja, mubao ya huu ikiwa nzito na ya ule nyepesi, hazichungi kaboni sawa. Bila jina, hesabu ni ya kubahatisha.

Njo maana tunasema wazi. Sehemu ya franga zinazoingia juu ya pori, ilipe mishahara ya wale wanaolisoma. Vijana waajiriwe leo, wafundishwe na wazee wangali wazima, kwa sababu macho ya kutambua muti ku ganda na ku harufu hayajifunzwi mu buku peke yake. Nyumba za mimea zipewe umeme na paa nzuri: unyevu na wadudu havingojee bajeti. Na kiongozi wa kijiji, jina lake liandikwe pembeni ya lile la mwenye diploma, na alipwe.

Mutu anayeuza mali asiyojua jina lake, munnunuzi ndiye anaamua bei. Pori letu tusiliuze namna hiyo.