Umeme Hautembezi Mgonjwa Peke Yake

Wachukuzi wanaobeba marobota Kariakoo na wanaosukuma maguta Mtaa wa Msimbazi wanayajua maumivu ya kiuno. Ndiyo maana mashine ndogo za umeme, zenye nyaya na pedi za kubandika mwilini, hazikosi wanunuzi. Je, ziachwe ziuzwe kama redio?

Tiba hii si uzushi. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa uti wa mgongo una kama lango: hisia za mguso zikizidi, taarifa za maumivu huzuiwa zisifike kwenye ubongo. Umeme mdogo wa pedi huchochea mishipa ya fahamu inayobeba hisia hizo za mguso. Nafuu hiyo, hata hivyo, aghalabu ni ya muda. Mwaka 2016, taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilishauri mashine hizi zisitolewe kwa maumivu ya kiuno.

Kwa aliyepatwa na kiharusi, kazi ya umeme ni nyingine: kukaza misuli iliyolegea, hata mguu unaoburuzwa uinuke mgonjwa anapopiga hatua. Unasaidia ukiambatana na mazoezi ya kila mara, chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Wahitaji nao ni wengi. Utafiti wa 2003 hadi 2006 ulikuta Dar es Salaam wagonjwa wapya wa kiharusi wapatao 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kuzingatia tofauti za umri. Wilayani Hai walikuwa 109.

Hatari ipo pia. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asijibandike pedi bila idhini ya daktari, wala pedi zisiwekwe mbele ya shingo. Kubwa zaidi, anayebandika pedi wakati uso umepinda na mkono umelegea, dalili za kiharusi, anapoteza saa za kuokoa ubongo.

Kuzipiga marufuku mashine hizi kutamnyima mchukuzi nafuu yake. TMDA, mamlaka yenye dhamana ya vifaa tiba, isimamie kila mashine iuzwe na maelezo na maonyo ya Kiswahili, na izuie matangazo yanayodai inaponya kiharusi. Utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 nao ugharamie fiziotherapia hadi mgonjwa atembee. Nawe msomaji, kabla ya kununua mashine, kapime shinikizo la damu, maana likipanda huweza kuleta kiharusi.