Pasaka Bagamoyo na mbwa wetu

Kwa wanaokwenda ufukweni na mbwa, nina neno kuhusu maji ya bahari. Pasaka iliyopita mimi na mume wangu tulikwenda Bagamoyo na mbwa wetu, Simba, siku tatu bila ratiba yoyote. Ijumaa Kuu mvua ya masika ilinyesha mpaka saa nane mchana. Tukakaa barazani tunakunywa chai, Simba kajilaza miguuni petu. Jumapili, baada ya misa kwenye ile misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, tukashuka ufukweni. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga uko wazi mbali kabisa, na Simba akakimbiza kaa hadi ulimi ukaning'inia. Mara nikamwona analamba maji ya kidimbwi.

Usiku alitapika mara mbili. Mume wangu alilala sakafuni pembeni yake hadi alfajiri, akimpa maji safi kidogo kidogo kiganjani. Chumvi ya maji ya bahari humkausha mbwa mwili. Jamani, bebeni maji ya kunywa na bakuli lake, tena mpeni kabla hajaanza kuhema.

Na mfungeni kamba mnapopita soko la samaki. Wengi pale ni Waislamu, na nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kabla ya kuswaliwa. Sisi tulimshika vizuri, wavuvi wakatusalimia, mmoja akatuuzia changu wawili. Pasaka ijayo tunarudi, watatu vilevile.