Nyumba ya Mzee na Bei ya Kutupa
Dhahabu imefanya kiwanja cha Geita kiwe mali ya kugombewa, na mzee mgonjwa ndiye hushinikizwa kwanza. Uingereza, thamani ya nyumba huweza kuhesabiwa katika gharama za kumtunza mzee kituoni. Makazi ya Wazee Kolandoto, Shinyanga, ni ya serikali. Wanaoivizia nyumba ni ndugu, na wengine huanza kwa kumwita bibi mchawi. Mnunuzi anayekimbilia bei ya kutupa ajue kwamba mzee akihamia Kolandoto, hati hubaki yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo hairuhusu nyumba ya wanandoa kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Saini ya mtoto peke yake haiuzi kitu. Asiyeonana na mwenye nyumba asitoe hata arubuni.