Moyo unajikinga, lakini haungoji

Damu ikikatika kufika kwenye moyo, nyama ya moyo haifi mara moja. Inajitetea. Mwaka 1986, watafiti 3 wa Chuo kikuu cha Duke, Marekani, walifunga mshipa wa moyo wa mbwa dakika 5, wakaufungua dakika 5, mara 4. Kisha wakaufunga dakika 40. Sehemu iliyokufa ilikuwa karibu robo tu ya ile ya mbwa wasiotayarishwa hivyo. Seli zilizokwisha kuonja njaa hiyo fupi zilitumia akiba yao ya nguvu polepole.

Lakini mshipa ulipofungwa saa 3, kinga hiyo haikuonekana tena. Mwili unatupatia dakika kadhaa, hautupatii usiku muzima.

Huku kwetu mashariki mwa Kongo, mutu akishikwa na maumivu makali ya kifua yanayoshuka mpaka mkono wa kushoto, akitoka jasho baridi, mara nyingi tunasema ni tumbo, tunangojea kuche. Wengine wanaogopa barabara ya usiku. Wengine wanaogopa kuombwa pesa mlangoni mwa hospitali.

Kwa familia tunasema: dalili hizo zikionekana, ondokeni palepale. Kwa wenye mamlaka: wekeni katika hospitali kuu mashine ya kupima moyo na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Tena mgonjwa wa namna hiyo atibiwe kwanza, pesa ziulizwe nyuma. Moyo wake umekwisha kufanya sehemu yake.