Katika picha hizi haijawahi kunyesha

Leo hakuna somo la hifadhidata. Leo nina ugomvi, na nataka niutoe wote mara moja.

Ugomvi wenyewe ni juu ya maneno yaliyojaa kwenye matangazo ya nyumba za likizo za Bonde la Ufa: eti nyumba "inapotea ndani ya mandhari". Utayakuta popote zinapouzwa ploti zinazotazamana na Longonot. Chini ya maneno hayo kuna picha iliyochorwa kwa kompyuta. Paa bapa lililooteshwa nyasi, ukuta wa mawe ya kijivu, kioo kutoka sakafuni hadi darini, kidimbwi cha kuogelea ambacho ukingo wake hauonekani, na jua linatua. Siku zote jua linatua! Sijaona hata picha moja ya aina hii ambayo mvua inanyesha.

Mimi nasema hivi: nyumba iliyojengwa kwenye mteremko ulio juu ya Mai Mahiu haipotei ndani ya mlima kwa sababu rangi yake inafanana na jiwe. Kinachoamua ni vile inavyoyatendea maji. Mengine yote ni rangi tu.

Kwa wale wasiopajua, Mai Mahiu iko chini kabisa ya ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa, pale barabara ya zamani ya Naivasha inapoachana na ile ya Narok. Ukitoka Nairobi unashuka ukingo, unawapita wauza ngozi za kondoo, unakipita kile kikanisa kidogo kilichojengwa mwaka 1942 na Waitaliano, wafungwa wa vita waliokuwa wakijenga barabara, halafu ghafla joto linakupokea na uko katikati ya malori. Jina ni la Kikuyu, maana yake maji moto. Juu kuna baridi, ukungu na msitu. Chini kuna vumbi la majivu ya volkano. Mvua inayonyesha juu ni lazima ipite mahali ili ifike chini, na mahali penyewe wanakaa watu.

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji hayo yalipita Kamuchiri. Watu zaidi ya 45 walikufa, wengi wao wakiwa usingizini. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka huko Kijabe. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, kwa kuwa njia yake ya kupitia chini ya reli ilikuwa imeziba, mpaka tuta likaachia. Simsingizii mwenye nyumba ya likizo vifo vile. Ninachosema ni kwamba huu ndio mlima wenyewe, na mtu anayedai nyumba yake ni sehemu ya mlima huu aanze kwa kutuonyesha maji yake yanaelekea wapi.

Sasa nifike kwenye kisa kilichonitia hasira. Kuna mwekezaji, jina lake libaki kwake, aliyenitaka nimtengenezee tovuti ya kuuzia nyumba kumi za likizo pale ukingoni. Kazi nzuri, malipo mazuri. Alikuwa na picha zake za 3D tayari. Nami nikaona nimwongezee kitu: ramani ambayo mnunuzi akibonyeza anaona maji ya mvua yatafuata njia gani kwenye kiwanja. Si kazi ngumu, nitaieleza hapo chini. Mistari ya buluu ikatokea, na mmoja ukapita katikati ya sebule ya nyumba namba nne, ukakata barabara ya kuingilia, ukashuka moja kwa moja hadi kwenye mashamba ya watu. Nikamtumia. Jibu lilikuja baada ya dakika kumi: "Ondoa hiyo mistari, inatisha wanunuzi." Si kwamba mistari ina makosa, la, bali inatisha. Kazi hiyo sikuifanya.

Hebu tuone mistari hiyo inatoka wapi, maana hakuna uchawi. Mwezi Februari 2000 chombo cha angani cha Marekani kilipima kwa rada miinuko ya sehemu kubwa ya dunia. Kwa miaka mingi Afrika tulipewa data iliyopunguzwa makali, kipimo kimoja kila mita 90. Mwaka 2014 ile ya mita 30 ikafunguliwa kwa wote, bure. Unaipakua, unaifungua kwa QGIS ambayo nayo ni bure, kisha unaiambia programu: kila mraba ukabidhi maji yake kwa jirani aliye chini zaidi kati ya majirani wanane. Basi. Ukijumlisha kutoka juu hadi chini unapata mito, hata ile ambayo ipo siku za mvua kubwa tu. Kanuni hii inajulikana tangu mwaka 1984. Laptopu ya kawaida inaimaliza kabla chai haijapoa.

Lakini kuna mitego miwili, na hapa naomba wenzangu wa programu wasikilize. Kwanza, mraba wa mita 30 kwa 30 ni mita za mraba 900. Ploti ya 50 kwa 100 ni kama mita za mraba 465, yaani nusu ya mraba mmoja! Korongo lenye upana wa mita tatu halionekani kabisa. Kwa hiyo ramani ya bure inatosha kukuonya, haitoshi kujengea. Kwa kujengea, mpimaji aje na vyombo vyake apime kiwanja chenyewe.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi. Kabla ya kukokotoa, programu hizi kwa kawaida "hujaza mashimo": kila mahali maji yanapoweza kutuama bila njia ya kutokea huchukuliwa kuwa kosa la data na kusawazishwa. Mara nyingi huwa ni kosa kweli. Lakini nyuma ya tuta la reli lililoziba, shimo si kosa, shimo ndilo habari yenyewe. Ukibonyeza kitufe hicho bila kufikiri, umelifuta ziwa lisilotakiwa kabla hata hujaliona. Tangu Kamuchiri mimi huhifadhi nakala mbili, moja iliyojazwa na moja isiyojazwa, na natazama tofauti yake.

Tupige hesabu kidogo. Paa la mita za mraba 250, ukiongeza baraza, sakafu ya kidimbwi na maegesho ya kabro, tuseme jumla mita za mraba 600 za sehemu ngumu. Mvua ya milimita 50, ambayo msimu wa masika si ajabu, inakupa lita 30,000. Hizo ni bauza tatu za lita 10,000. Nyumba kumi, bauza thelathini, zimemwagwa ndani ya saa chache kwenye mteremko uleule. Ni kweli ardhi isiyojengwa nayo haimezi kila tone, lakini humeza kiasi, na kinachobaki hukitawanya. Kabro haimezi wala haitawanyi. Inakusanya na kuelekeza kwa jirani.

Na udongo wenyewe ni upi? Majivu ya volkano, mwepesi, unakatika kama keki. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mkubwa ulifunguka na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Magazeti ya dunia yakapiga kelele kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Inagawanyika kweli, kwa milimita chache kwa mwaka, lakini wanajiolojia wengi walieleza kuwa ufa ule ulifunuliwa na maji yaliyosomba majivu laini kutoka ndani. Juu ya udongo wa aina hiyo ndipo tingatinga inaletwa kuchimba kingo mbili kubwa ili sebule iwe bapa na gari liegeshwe mlangoni.

Kichekesho (kama unaweza kucheka) ni kwamba nyumba hizohizo hununua maji. Maji ya chini ya ardhi ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi sehemu nyingi, ndiyo maana utawaona watu wenye meno ya kahawia. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Sasa niambie ni akili gani hii: unamwaga bauza tatu za maji mazuri juu ya shamba la mtu aliye chini, halafu kesho yake unapiga simu uletewe bauza moja ya maji ya kisima kwa pesa.

Wasanifu hupenda kututajia Fallingwater, nyumba ya likizo ambayo Frank Lloyd Wright aliijenga juu ya maporomoko kule Pennsylvania miaka ya 1930. Ni nzuri, sikatai. Pia mabaraza yake ya zege yalianza kuinama mara tu mbao za kushikilia zilipoondolewa, na ilibidi yavutwe kwa nyaya za chuma mwaka 2002 yasije yakaanguka. Kwetu mimi ningemwiga Glenn Murcutt wa Australia. Miaka ya 1970 alikuwa akijenga nyumba nyembamba zilizoinuliwa juu ya nguzo, zenye paa la mabati. Ndiyo, mabati, haya tunayoyaonea haya! Mwaka 2002 wakampa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu hakuna kubwa kuipita.

Kwa hiyo nyumba ninayoitetea ni hii. Ndefu na nyembamba, imelala kufuata mlalo wa mlima badala ya kuukata. Imesimama juu ya nguzo ili maji ya mvua yapite chini yake kama yalivyokuwa yakipita. Paa la mabati ya rangi iliyofifia, gata pande zote, na tangi la kupokea mvua kubwa nzima, si lile tangi moja la kuonyesha wageni. Gari libaki juu barabarani, watu washuke kwa miguu, kwa sababu barabara ya kuingilia ndiyo jeraha kubwa kuliko nyumba yenyewe. Chini ya nyumba pachimbwe matuta ya fanya juu, teknolojia ambayo wakulima wa Machakos wamei­tumia sana hata jina lake la Kiswahili likaingia vitabu vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Leleshwa iliyopo iachwe. Nyumba hii haitapiga picha nzuri kama ile ya machweo. Lakini aliye chini hatajua kuwa ipo, na kwangu mimi huko ndiko kupotea ndani ya mandhari.

Najua utaniuliza, serikali iko wapi? Kanuni za zamani za kilimo zilimkataza mkulima kulima mteremko unaozidi asilimia 35, yaani kushuka sentimita 35 kila unapokwenda mita moja. Mkulima mwenye jembe alibanwa. Mwenye tingatinga analeta ripoti ya mazingira kwa NEMA na picha ya machweo. Halafu kuna mpaka. Sehemu kubwa ya ukingo wa juu, upande wa Lari na Kijabe, ni Kaunti ya Kiambu. Mai Mahiu ni Kaunti ya Nakuru. Ramani ya ujenzi inapitishwa upande mmoja, maji yanatua upande mwingine, na wa Kamuchiri hana ofisi ya kupelekea pingamizi kabla zege halijamwagwa.

Ndiyo maana nataka kitu kimoja kidogo kinachowezekana. Kila picha ya 3D ya nyumba ya mteremkoni, iwe ya kuuzia au ya kuombea kibali, iwe na kitufe cha mvua. Ukikibonyeza, milimita 50 zinanyesha, na unaona zinakokwenda mpaka zifike kwenye mto, hata kama njiani zinavuka mpaka wa kaunti. Programu za kuchorea zinajua tayari kuhesabu kivuli cha mti saa kumi na moja jioni tarehe yoyote ya mwaka. Maji ni rahisi kuliko kivuli. Hati yangu ya Python ina mistari isiyofika mia mbili; nikiisafisha nitaiweka hapa wiki ijayo pamoja na data ya ukingo wote, kuanzia Limuru hadi Longonot, zile nakala mbili.