Mtoto Akikubali, Sheria Haikubali

Ndugu msomaji, mtu akija nyumbani kwako Buhigwe akitaka mwanao wa miaka 13 aende kufanya kibarua cha tumbaku Urambo, utamjibu nini? Atakuahidi fedha. Mtoto naye atafurahi na kukubali. Lakini jibu lako liwe hapana.

Sababu ya kwanza ni afya. Jani la tumbaku lina sumu iitwayo nikotini. Jani likilowa umande au mvua, sumu hiyo hupenya kwenye ngozi ya mchumaji. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kutapika. Mwili wa mtoto ni mdogo, kwa hiyo sumu kidogo humdhuru upesi. Tena kuna dawa za kuua wadudu, na kuna moshi wa kukaushia tumbaku.

Sababu ya pili ni sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Akiwa chini ya miaka 14 haajiriwi. Akifikisha miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, isiyoumiza afya yake wala kumzuia kwenda shule. Kazi za hatari, kama za migodini, za baa na za kubeba mizigo mizito, ni mwiko mpaka atimize miaka 18. Kwa maoni yangu, tumbaku nayo ni kazi ya hatari.

Wako wanaosema, "Mtoto huyu ni mrefu, ana nguvu, na mwenyewe ametaka." Urefu si umri. Mtoto hukubali kwa sababu hajui aendako. Akidhulumiwa ujira wake, hana uwezo wa kumdai mtu mzima. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia Biashara ya Kusafirisha Binadamu ya mwaka 2008 haikubali kisingizio hicho. Mtu akimchukua mtoto ili amnyonye, hawezi kujitetea mahakamani kwamba mtoto au mzazi aliridhia.

Wazee wetu wanakumbuka habari za manamba. Waha wengi walikwenda Tanga kukata mkonge. Wengi wao walikuwa watu wazima, na bado waliteseka. Mtoto atawezaje?

Hatusemi mtoto akae bure. Kuchota maji, kupalilia maharage na kuchunga mbuzi baada ya shule ni malezi.

Basi tufanye nini? Tunza kadi ya kliniki ya mtoto. Mchukulie cheti cha kuzaliwa. Karatasi hizo ndizo shahidi wa umri wake. Ukiona mtoto anapelekwa kibaruani, mwambie mtendaji wa kijiji au afisa ustawi wa jamii, au piga simu namba 116 bila malipo. Sheria inakutaka utoe taarifa, hata kama mtoto si wako.